Uso wa Mama Furaha

Furaha alinikuta studioni kwangu Ibanda, hapa Bukavu, asubuhi ya Jumanne, nikiwa nagombana na mashine ya kuchapa picha, na kabla hata hajakaa aliniuliza kama mimi ndiye dada aliyekuwa akizunguka Mumosho na kamera zamani, pamoja na dada mwingine mrefu, mwenye kitambaa kichwani. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akasema, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba hasa alikuwa anamtafuta yule mwingine. Mama yake alifariki Jumapili, wangemzika Alhamisi, na nyumba nzima haikuwa na hata picha moja ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwapo, lakini kadi hizo sote hapa tunazijua, baada ya miaka michache sura inafutika na linabaki jina peke yake. "Maman alikuwa anasema kila mara," akaniambia, "ule dada wa kitambaa njo alimupiga picha muzuri. Ataileta. Alikuwa anasema vile mpaka mwaka huu."

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimefikia umri wa kuchoka kujipamba. Kitu cha kwanza kilichonipita moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu, ule ule wa zamani, mbichi, na mahali pake pa kunibana ni pale pale. Mimi ndiye niliyekaa na yule mama mkekani saa nyingi. Mimi ndiye niliyezungumza naye Kishi, lugha ya Washi wa huku kwetu, nikamuuliza watoto wake, nikamsifia mihogo yake. Lakini akakumbuka kitambaa. Hata kifo chake kimeniletea mgeni anayemuulizia Rehema. Ndipo, baada ya wivu, likaja lile lingine, zito zaidi, kwamba picha hiyo haipo popote duniani, na kwamba mtu pekee aliye hai anayejua kwa nini haipo ni mimi. Nilimwambia Furaha arudi kesho yake, nitatafuta. Alipotoka nilifunga mlango nikakaa chini, na mwaka mzima ule ukanirudia.

Habari za nyumbani kwetu naziruka. Walikuwa watu wa ofisi na wa kanisa, wema, na hawana kosa lolote katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza masomo ya mawasiliano, na nilikuwa najua kitu kimoja tu juu ya maisha yangu, kwamba nataka kupiga picha za habari. Basi shule moja ya picha kutoka Ulaya ikaleta Bukavu wanafunzi wanane kwa stage, yaani mafunzo ya vitendo, ya wiki saba. Kwao ilikuwa likizo kubwa, wakati ambao vijana wa huko huenda ugenini kujifunza. Kwetu ilikuwa kiangazi cha vumbi, ziwa limefunikwa na ukungu, na milima ya upande wa Rwanda haionekani hadi saa sita mchana. Walitoa nafasi mbili kwa wenyeji. Moja niliipata mimi, nyingine akaipata Rehema, ambaye kabla ya hapo nilimfahamu kwa kumuona tu, binti wa wale Waislamu waliotoka Uvira wanaouza vitenge hapa mjini, wenye asili yao huko pwani. Mwisho wa stage, mwalimu alituambia siku ya kwanza, mmoja wa wenyeji angechukuliwa kwenda kusoma kwao mwaka mzima, kila kitu juu yao. Alisema mmoja. Nikamtazama Rehema, naye alikuwa anatafuta kifuniko cha lenzi chini ya meza, kwa sababu alikuwa amekipoteza tayari.

Walikuwa wamepanga villa kwenye rasi, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ukikanyaga. Sebuleni walifunga nyaya kutoka ukuta hadi ukuta, na kila Jumamosi picha zetu za wiki zilining'inizwa humo kwa vibanio vya nguo, kisha tukazizunguka tukimsikiliza mwalimu, Monsieur Joris, akizisema moja moja. Nikisikia harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, zinazokaangwa hata leo natoka nje, maana mpishi alikuwa akikaanga wakati huo huo, na mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu. Wenzetu wa Ulaya walikula sambaza kwa kuzikata vichwa. Rehema aliwafundisha kuzila nzima na pilipili na limau, bukari, ugali wa kwetu, mkononi, akacheka nao, akawafundisha kusema "nimeshiba" na wakaisema vibaya, na wiki ya pili tayari meza nzima ilikuwa inamgeukia yeye. Mimi nilikaa na daftari langu. Nilikuwa naandika kila kitu alichosema Monsieur Joris, mwanga, kasi, umbali, na daftari hilo bado ninalo.

Picha zangu za Jumamosi ya kwanza zilikuwa picha kama tunavyozijua Bukavu. Hapa mtu akipigwa picha anataka aende kwanza kuoga, avae vizuri, asimame sawasawa, na aonekane mzima, tangu nywele hadi viatu. Ukimkata miguu atakuuliza kama umemkatia na hela ya picha. Nilipiga hivyo, watu wa soko, wa kivuko, wa kanisani, wote wamesimama wima. Monsieur Joris alizitazama, akatabasamu, akasema ni picha nzuri za pasipoti. Wote walicheka, na Rehema naye alicheka kidogo, na ule mcheko wake mdogo sikuusahau. Nikajifunza kukata basi. Nilikata miguu, nikakata mabega, mwishowe nikakata hata vichwa. Niliacha jicho moja peke yake, kisigino peke yake, vidole juu ya kamba. Monsieur Joris alianza kutikisa kichwa kukubali, nami nikaona nimeushika ufunguo.

Rehema hakukata kitu, na hakujifunza kitu. Alisahau kuchaji betri, alipiga mara tatu siku nzima ambapo mimi nilipiga mara mia mbili. Lakini watu walimpa nyuso zao. Sijui niseme vipi zaidi. Alikuwa na Kiswahili cha kwao, cha pwani, na akimwambia mama muuza ndizi "tafadhali" yule mama aliangua kicheko, akamvutia kigoda, akammiminia chai, akamweleza habari za mume wake. Mimi mwenyeji wa mji, mwenye Kishi na Kiswahili cha hapa hapa, nilijibiwa ndiyo na hapana. Picha zake tatu zikining'inia Jumamosi, watu walisimama mbele yazo wakanyamaza. Kisha wakaja kwenye ishirini zangu wakaanza kuzungumza tena.

Siku moja ya wiki ya nne nilitumwa stoo kuchukua sahani. Stoo ilikuwa na dirisha dogo linalotokea barazani, na Monsieur Joris alikuwa barazani na mke wake, wanakunywa kahawa, wanazungumza Kifaransa kwa sauti ya watu waliojua wako peke yao. Mke wake alimuuliza juu yetu sisi wawili. Akajibu kwamba yule wa kitambaa ana jicho, jicho ambalo mwalimu hukutana nalo mara mbili au tatu maishani. "Na yule mwingine?" mke wake akauliza. Nikasikia kikombe kinarudi kwenye kisahani. "Yule ana bidii," akasema. Nilisimama mle stoo na sahani kumi na mbili mikononi mpaka mikono ikaanza kuniuma. Naapa ningetukanwa nisingeumia vile. Bidii. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba ana bidii.

Tangu siku hiyo nilimuonea Rehema kijicho kamili, cha kula nacho na kulala nacho. Nilichukia jinsi alivyofunga kitambaa chake bila kioo. Nilichukia kwamba alinipenda. Maana alinipenda kweli. Akipata mandazi kwao aliniletea yangu kwenye karatasi, akasema mama yake ameniwekea, na mimi nilikula na kusema aksanti huku nimekunja moyo. Alikuwa akiniuliza juu ya mambo ya kiufundi, jinsi ya kuweka hiki na kile, nami nilimweleza kwa usahihi kabisa, kwa kuwa ule ulikuwa uwanja wangu pekee. Wakati mwingine nilijisikia mtu mwema. Kisha ilifika Jumamosi, zikaning'inizwa tena picha zake tatu.

Wiki ya tano tuligawanywa wawili wawili, kila jozi na sehemu yake, na mimi na Rehema tukapewa Mumosho, kule chini kuelekea Ruzizi. Sababu ilikuwa wazi, mimi nilikuwa na Kishi na yeye hakuwa nacho. Stage ilikuwa na sheria moja ambayo Monsieur Joris hakuifanyia mchezo. Ukimpiga mtu picha kwa karibu, unamwonyesha picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera, unamuuliza. Akikubali, sawa. Akikataa, unafuta hapo hapo, mbele ya macho yake, na hubishani. Alisema wanawake wa Kivu wamepigwa picha vya kutosha na watu wasiowauliza. Alikuwa na haki, na sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Ila kule Mumosho swali lilipita kwangu, na jibu lilipita kwangu.

Mama Furaha alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, ana mihogo nyuma ya nyumba na mtoto mgongoni. Furaha mwenyewe alikuwa kasichana kadogo, siku ile alikuwa shuleni. Tulikuwa tumemtembelea mara tatu. Alitupokea vizuri, lakini kamera ikiinuka aliinamisha kichwa na kulegeza midomo, na nilipomuuliza aliniambia kwamba watu wa miradi waliokuja zamani walimwambia akae hivyo. Picha zao hakuwahi kuziona. Mara ya nne tulimkuta anamenya mihogo chini ya ukingo wa paa. Rehema akaketi, akaomba kisu, akaanza kumenya naye. Nyinyi mnaojua kumenya muhogo fikirieni binti wa duka la vitenge. Alikuwa anatupa nusu ya muhogo pamoja na ganda, anakunja uso, ulimi nje. Mama Furaha alimtazama, akajizuia, akashindwa, akacheka hadi kichwa kikaenda nyuma. Rehema aliangusha kisu, akainua kamera, akapiga mara moja. Moja tu.

Niliinama juu ya bega lake nikaiona. Niliiona kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, na nimeiona kila siku tangu hapo. Mwanga ulitoka pembeni. Pengo la meno la Mama Furaha, machozi ya kicheko kwenye kona za macho, kisu bado mkononi, mtoto mgongoni amelala kinywa wazi, hajali. Hakuna kilichokatwa. Alikuwa mtu mzima, anafurahi, anamtazama anayemtazama. Nilijua palepale kwamba nafasi imekwenda. Picha kama ile haishindwi na bidii ya mtu yeyote.

Rehema akageuza kamera amwonyeshe. Mama Furaha alipangusa mikono kwenye kitenge kwanza, akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno yake kwa Kishi, polepole, sauti ya chini, na alipomaliza alikuwa na machozi. Alikubali. Alikubali kwa maneno ambayo sijayasikia tena kwa mtu yeyote. Rehema aliyaona yale machozi akaogopa. "Anasemaje, Nabintu?" akaniuliza. Nami nikamjibu kwa Kifaransa. Nimesema mara nyingi moyoni kwamba ulikuwa mtelezo, mambo ya sekunde moja, lakini mtelezo hauchagui lugha. Mama Furaha alijua Kiswahili cha sokoni, angenisikia. Kwa hiyo nilichagua Kifaransa, nikasema, "Anasema ufute. Inamuumiza."

Rehema alibadilika uso. Aliichukua kamera, akamwelekezea kioo yule mama ili aone, akabonyeza, na picha ikaondoka. Akapiga magoti akamwambia kwa Kiswahili, "Unisamehe, mama," naye Mama Furaha, asiyejua anaombwa msamaha wa nini, alimshika mabega akatabasamu. Alidhani ile kubonyeza ndiyo kuihifadhi. Halafu akaingia ndani akatoka na mkungu mdogo wa ndizi, akampa Rehema, si mimi, na hilo nalo lilinichoma, unaweza kuamini? Rehema alizibeba ndizi zile njia nzima akisema ni ishara kwamba amesamehewa. Mimi nilijua ni shukrani ya mtu anayengoja picha yake. Tulipofika villa nilikula mbili.

Kabla hatujaondoka Mumosho siku ile nilipiga picha zangu. Mama Furaha alirudi kwenye mihogo, nami nikasogea karibu, karibu zaidi, nikapiga mikono yake. Uso wake nisingeweza kuupiga. Rehema alikwisha kuupiga, nisingeupata vile, na ningeonekana ninamfuata nyuma. Nikabaki na mikono, kisu, ganda jeupe linaning'inia.

Jioni ile mezani Rehema aliwasimulia wote. Hakujificha. Alisema amepiga picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na kwamba amemuumiza mjane, na kwamba ameifuta. Wenzetu waliacha kula. Monsieur Joris aliweka uma chini, akasema mbele ya watu wote kwamba huyu ndiye mpiga picha, mtu anayejua kufuta. Nami nikakaa pale, mwongo mwenye sahani ya sombe ya majani ya muhogo, na badala ya kuona haya nilimuonea wivu hata kwa sifa hiyo. Nilikuwa nimemnyang'anya picha na bado alikuwa ananishinda.

Lakini sifa za mezani haziningʼinizwi kwenye waya. Jumamosi ya mwisho Rehema alileta picha mbili tu, moja ya ukungu na moja ya njia, hakuna mtu ndani. Nilileta mikono. Monsieur Joris aliizunguka mara mbili, akasema mikono hii inasema yote, haihitaji uso. Nafasi nikapewa mimi. Rehema alinikumbatia wa kwanza, na kwa nguvu, na akalia kwa furaha begani mwangu. Nilimtazama vizuri, nikitafuta kijicho hata chembe, nikakosa. Hata hilo nilimuonea wivu.

Mwaka uliofuata nilikaa Ulaya, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, nikila mkate na jibini peke yangu na kutamani lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Nilisoma vizuri, bidii haikuniacha. Mwezi wa Machi walitundika ile mikono katika ukumbi mweupe, imekuzwa kufikia kimo cha mlango, na watu wenye glasi za divai walisimama mbele yake wakanipongeza kwa jinsi nilivyoonyesha mateso ya wanawake wa kwetu. Sikuwaambia kwamba yule mwanamke, dakika tano kabla, alikuwa anacheka. Njiani, kwenye treni, sokoni, nilikuwa nikijikuta nauliza Rehema angeona nini hapa. Aliniandikia mara chache. Kisha nikasikia kwamba ameacha kamera, amerudi Uvira kwenye duka la mjomba wake. Nikajiambia ndivyo walivyo watu wa biashara, hawakai na sanaa. Nimejiambia hivyo kwa miaka zaidi ya kumi na tano, nimefungua studio, nimefundisha, nimeitwa kwenye mikutano, na kila mtu akisema Nabintu ana jicho moyo unanisuta.

Jumatano Furaha alirudi. Nilikuwa nimepekua diski zote, picha arobaini na moja za ziara zote nne, za mwanzo kainamisha kichwa, za mwisho ni mikono, na hakuna hata moja yenye uso. Niliichapa ile mikono kwenye karatasi nzuri niliyokuwa nayo, nikaitia fremu nyeusi, nikampa kwa aibu. Aliishika kwa muda mrefu. "Ni mikono ya maman, minaijua hata mu giza," akasema. "Lakini uso yake iko wapi?" Nikamwambia sina. "Na ule dada mwingine?" Nikamwambia naye hana, ilipotea. Nilisema hivyo. Ilipotea. Kwa umri huu, mbele ya yatima, ulimi wangu ulipita njia yake ya zamani bila kuuliza. Furaha aliirudisha fremu mezani kwangu, taratibu, akasema watu wataona mikono tu, watauliza ni mikono ya nani, na akanishukuru kwa kusumbuka.

Alhamisi nilikwenda Mumosho kwenye mazishi. Nilisimama nyuma. Mbele ya jeneza waliweka picha ya kadi iliyokuzwa, na kwa kukuzwa ilikuwa imezidi kufutika. Ulikuwa weupe tu wenye kivuli cha nywele. Watoto wa binti zake waliletwa wamuage bibi yao. Mmoja aliuliza kwa sauti kama huyu ndiye bibi, na Furaha akamwambia ndiyo, ni yeye, tazama vizuri. Sikuweza kubaki hadi mwisho.

Njia ya Uvira siku hizi, kwa hali ya usalama, si ya kwenda tu unapotaka, kwa hiyo nilimpigia Rehema simu Ijumaa mchana, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kumuuliza habari za watoto. Nilimwambia Mama Furaha amefariki. Akasema Innalillahi, kisha akasema kwa upole kwamba amekuwa akimuombea yule mama kila Ramadhani, kwa kuwa alimkosea. Nikamwambia hukumkosea. Nikamwambia yote, stoo na sahani, Kifaransa, ndizi. Sikujitetea, nadhani. 

"Mimi niliacha kamera kwa sababu yake," akasema Rehema. "Kila nikiinua kamera mbele ya mtu, naona yale machozi. Nilijua nimemuibia mama wa watu uso wake." Sauti yake haikupanda. Nilitaka apige kelele. "Sasa niambie. Alisema nini? Usifupishe."

Nikamwambia. Nilianza kwa Kishi, kwa sababu ndivyo nilivyoyahifadhi, kisha nikayaweka kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alisema, mwambie huyu mtoto kwamba tangu mume wangu afe nilidhani uso wangu wa kucheka ulikwenda naye. Kumbe uko. Awaonyeshe hata wazungu wake, sina neno. Lakini yangu aniletee niitundike ukutani, ili siku nikiwa sipo watoto wangu wasinikumbuke nalia. Na nilipokuwa nasema hayo niligundua kwamba bado ninamuonea wivu, hata pale, hata kwa hayo, maana katika kazi yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunitumia maneno kama yale kwa picha yangu hata moja.

"Rudia," akasema Rehema. Nikarudia. Nilisikia kalamu inakwenda kwenye karatasi.

"Binti yake anayajua?"

"Bado. Nilitaka nimwambie mimi, kesho nitashuka Mumosho."

"Hapana. Nipe namba yake. Nitamfikishia mwenyewe."

Nikamsomea namba ya Furaha, tarakimu moja moja, na nilipomaliza akaniambia niisome tena, yeye akaifuata kwenye karatasi yake, kuhakikisha kwamba safari hii nimempa iliyo sahihi.